Kimya na Mshindo Wake

Asiyetamka nia yake mapema, je, ni mwenye busara au ni mwoga? Swali hili ni kongwe, nasi twalikuta hata juu ya ubao wa sataranji, kwa yule achezaye kete nyeusi.

Mwenye kete nyeupe huanza. Mwenye nyeusi hujibu. Katika ulinzi uitwao Pirc, kwa jina la bingwa wa Slovenia, Vasja Pirc (1907–1980), mjibuji hazikimbilii nyumba za katikati. Askari aliye mbele ya malkia humsogeza nyumba moja tu, humtoa farasi, kisha humweka askofu pembeni, kwenye mshazari mrefu ukatao ubao mzima. Mpinzani huachiwa ajenge. Mjibuji atapiga wapi? Bado hajasema.

Siegbert Tarrasch alifundisha kwamba katikati hukaliwa na askari. Aron Nimzowitsch, katika kitabu chake *Mein System* cha mwaka 1925, alimjibu kwamba katikati yaweza pia kutawaliwa kwa mbali.

Subira hii ina sababu yake. Katika kete zote, askari pekee ndiye asiyerudi nyuma. Farasi akipotea njia hurejea. Askari akisogea, amesogea. Watunzi wa tenzi walijua jambo hili: kina cha mwisho akichaguacho mtunzi katika ubeti wa kwanza humfunga hadi ubeti wa mwisho. Basi kukawia kufunga fundo lisilofunguka si woga, bali ni kuliheshimu fundo.

Hata hivyo, unyumbufu una mpaka. Mwenye kete nyeupe aweza kusimamisha askari watatu bega kwa bega, tayari kusonga mbele. Hapo mwenye nyeusi akizidi kungoja, kete zake hubanwa zikakosa pa kupumulia. Mwaka 1972, mjini Reykjavik, katika mchezo wa 17 wa kugombea ubingwa wa dunia, Bobby Fischer alikabiliwa na askari hao wa Boris Spassky. Katika hatua yake ya tano tu alimtoa askari wa ubavuni nyumba mbili, akaishambulia katikati. Mchezo ukaisha sare.

Wako, basi, wanyamavu wa namna mbili. Mmoja huacha milango wazi apate kuchagua wa kuingilia. Mwingine huiacha wazi kwa kuogopa kuingia. Kwa nje wafanana, na wote wawili hujiita wavumilivu. Wakati ndio uwatengao. Shahidi aliyenyamaza hata hukumu ikapita hawezi kudai kwamba alikuwa akipima maneno. Aliyehukumiwa kwa dhuluma amekwisha kuilipa subira hiyo.

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Ajifunzaye ulinzi huu asijifunze kukaa kimya tu. Ajifunze pia kuitambua saa ya mshindo.