Mdomo wa Jikoni

Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka mitano alipovunja ujirani wa miaka tisa kwa swali moja. Ilikuwa Septemba, saa kumi na moja jioni, nami nilikuwa uani namimina mafuta ya alizeti kutoka kwenye dumu kwenda kwenye chupa za nusu lita. Kazi hiyo haitaki haraka. Ukilitikisa dumu, mashapo ya chini yanapanda, na mteja atakuambia umemuuzia tope. Jirani yangu alikuja na mjukuu wake wa miezi mitano mgongoni, akavuta kigoda, akaketi pale anapoketi kila jioni. Mwanangu akazunguka nyuma yake, akamchungulia mtoto ndani ya kanga, akauliza:

"Bibi, mmeshamkata?"

"Nimkate nini, mume wangu?" Bibi zetu huwatania wajukuu hivyo.

"Mama anasema nyie mnawakata watoto."

Mafuta yalifika shingoni mwa chupa, yakapita, yakamwagika mchangani. Jirani hakupandisha sauti. Alisimama, akakaza kanga, akasema, "Haya, mdogo wangu. Usiku mwema." Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la stoo.

Nilikuwa nimeyasema kweli, tena usiku wa kuamkia siku ile. Nilimwambia mume wangu, sufuria ikiwa jikoni na mtoto nikidhani kalala, kwa ile sauti ya mtu aliyehudhuria semina mbili na sasa anajua kila kitu. Jirani alikuwa amenidokeza kwamba mjukuu ana "lawalawa". Mbele yake nilisema, "Pole dada, Mungu atasaidia." Alipoondoka ndipo nikatoa maoni yangu.

Mzazi ana midomo miwili. Kuna wa barazani na kuna wa jikoni. Wa barazani hutoa pole na pongezi. Wa jikoni hutoa hukumu: nani anamlea vibaya mwanawe, nani kaozesha kwa tamaa ya ng'ombe, nani mume kamshinda. Sisemi ni unafiki mtupu. Watu wanaoishi ukuta kwa ukuta hawawezi kuambiana kila wanachofikiri, maana kesho mmoja ataugua na mwenzake ndiye atakayemshikia mtoto. Itigi hasa tunalijua hilo. Mji huu ulikusanywa na reli, ile ya Kati ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912, na reli haichagui inayemshusha. Hapa kuna Wanyaturu, Wagogo, Wakimbu, Wanyamwezi, Wasukuma waliokuja na mifugo yao, na watu waliokuwa wanapita tu kwenda Chunya wakabaki. Kila mmoja ana lake la nyumbani asilotaka kuulizwa. Nje ya mji ndipo vilipo vile vichaka vinavyofahamika na wataalamu wa mimea kwa jina letu, vichaka vya Itigi, ambavyo mfano wake hupatikana tena mbali huko, upande wa Ziwa Mweru Wantipa nchini Zambia. Mtu akiingia humo kurina asali, hatua kumi tu humwoni tena. Unamsikia. Na sisi majirani ndivyo tulivyo, tunasikiana kuliko tunavyoonana.

Neno lawalawa si geni kwa mzazi wa Singida kwetu au wa Dodoma. Mtoto wa kike akiwashwa, akitoka ute, akilia anapokojoa, kuna watakaosema ni lawalawa, na kwamba hospitali haiiwezi, dawa yake ni kumkeketa. Watafiti walioufuatilia ugonjwa huu wanaeleza kwamba jina lake lilipata nguvu baada ya ukeketaji kuanza kupigwa vita. Zamani jambo lilikuwa na ngoma na mafundisho yake. Ngoma iliponyamazishwa, ikatafutwa sababu nyingine, na sababu nzuri kuliko zote ni afya ya mtoto. Nani atabishana na bibi anayesema anamtibu mjukuu?

Sheria ipo. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A: mwenye kumlea mtoto aliye chini ya miaka 18 akimkeketa au kusababisha akeketwe, kifungo ni kati ya miaka 5 na 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. (Hiyo faini ukoo unaichanga jioni moja na chenji inabaki ya soda.) Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba nchi nzima, wanawake 10 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Singida walikuwa 31. Ngariba alipoanza kuogopa polisi, wapo waliohamishia jambo kwa vichanga, ndani, mlango umefungwa, kidonda kinapona kabla mtoto hajajua kuketi. Hapo sheria inamfikiaje? Anayefika chumba hicho ni jirani. Na jirani mwenyewe ndiye mimi, niliyekuwa jikoni natoa hotuba kwa mtu ambaye hakuwa na nia ya kumkeketa mtoto.

Baada ya swali la mwanangu, jirani hakuja siku ya pili, wala ya tatu. Watoto wangu waliporudi shule hawakwenda tena kwake kungoja nifunge genge. Chumvi ikamwishia, akaenda kununua dukani. Nikaishiwa kiberiti, nami nikaenda dukani. Anayeishi mji mkubwa hatauona ugomvi hapo. Kwetu ule ulikuwa ugomvi kamili, hata mzee wa duka akaniuliza, "Kwani nyie mmefanyaje?"

Kilichotukutanisha ni kufuli. Kikoba chetu kina sanduku la bati lenye makufuli matatu, na funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine anao yeye. Jumamosi ilipofika tuliinama juu ya sanduku lile, vichwa vikikaribia kugongana, kila mmoja anahangaika na kufuli lake, hakuna anayesalimia. Wanawake ishirini na mbili wanatutazama. Lake lilikuwa gumu, lina kutu. Kwa kawaida mimi ndiye ninayelitilia tone la mafuta. Siku hiyo halikutiwa, na lilichukua muda mrefu sana kufunguka.

Jioni nilikwenda kwake. Nilimkuta anachambua mlenda kwenye ungo. Nikamwambia, "Dada, nilikusema. Nilikusema nyuma yako, tena vibaya."

Hakuinua macho. "Uliyosema ni uongo?"

"Sijui. Ningekuuliza ningejua."

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema maneno ambayo sijapata jibu lake mpaka leo. "Mama yangu alinifanyia. Na mama yangu alinipenda kuliko alivyojipenda mwenyewe, alikuwa analala njaa mimi nile. Wewe ukisema jikoni kwako kwamba wanaofanya hivyo ni makatili, unamsema marehemu wangu."

Semina zote mbili hazikunipa la kusema. Wanatufundisha madhara: kutokwa damu, maambukizi, taabu ya kujifungua. Ni kweli tupu, na ninayaamini. Lakini mtu hafikirii jambo hili akiwa na picha ya madhara kichwani. Anafikiria akiwa na sura ya mama yake. (La kwangu mimi mwenyewe sitalisema hapa. Mama yangu yu hai na anasoma magazeti.)

Nilinyamaza, nikasogeza kigoda, nikaanza kuchambua naye. Giza lilipoingia ndipo akanieleza. Mtoto ana upele mwekundu siku ya nane sasa, analia akioshwa. Dada yake mkubwa kijijini amepiga simu mara mbili, anasema aletwe. Naye hajaamua.

Nilichokuwa nimekisahau, kwa kujua kwangu kila kitu, ni huyu mwanamke alikuwa nani. Mjukuu yule ni wa binti yake, aliyepata mimba akiwa na miaka 16. Upande wa kijana walikuja na mshenga wakitaka kufunga ndoa "ili kufuta aibu". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kama ilivyoandikwa, ingewakubalia, maana ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa mzazi akiridhia. Ni kweli kwamba mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipeleka vifungu vya ruhusa hiyo Mahakama Kuu, na mwaka 2016 mahakama ikasema vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaafiki. Jirani yangu hakuwahi kulisikia jina hilo. Aliwapa wageni chai, akawaambia mwanawe hajamaliza shule, akawasindikiza hadi barabarani. Binti akajifungua Aprili, na Julai akavaa tena sare akarudi kidato cha tatu, kwa sababu tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Mtaa ulisema sana. Kwangu pia tulisema, jikoni, kwamba anawaonyesha njia mbaya mabinti wengine. Binti yangu mkubwa alikuwapo, anaosha vyombo, kimya. Leo najiuliza alichukua nini siku ile. Kama angepatwa na la kumpata, angenijia mimi, au angevuka ua?

Kesho yake tulikwenda kliniki. Muuguzi alimfungua mtoto, akamtazama vizuri kwenye mwanga wa dirisha, akasema: "Hapa hakuna lawalawa. Ni fangasi, na joto la nepi." Akatoa dawa ya kupaka. Akaelekeza: nepi ibadilishwe kila ikilowa, mtoto aoshwe kwa maji safi, akaushwe, aachwe wazi apigwe na upepo.

Njiani jirani alicheka, cheko la mara ya kwanza tangu siku ya chupa. "Maji safi! Anasema kama vile bomba liko chumbani kwangu."

Septemba ya Itigi haina mvua. Mvua yetu ni ya kuanzia Novemba au Desemba. Maji tunanunua kwa dumu. Nyumba yenye watu sita na mtoto wa nepi hupima: haya ya kupika, haya ya kunywa, yaliyooshea vyombo yatafua. Nepi za yule mtoto zilikuwa zinasuuzwa kwenye maji ambayo tayari yamefua nepi nyingine. Mimi nilikuwa na simtanki la lita elfu moja nyuma ya nyumba, mume wangu alikuwa amelijaza wiki mbili kabla. Kutoka kwenye koki yake hadi mlangoni kwa jirani ni hatua kumi na nne, nimezihesabu. Miezi mitano nilikuwa na maoni juu ya mtoto yule, na lita elfu moja za maji, na sikuwahi kufikiri kwamba vitu hivyo viwili vinahusiana.

Akachota kwangu wiki tatu. Mume wangu alinung'unika kidogo kuhusu gharama, akaacha. Upele ulikauka siku ya sita au ya saba.

Ningependa kusema kwamba maji ndiyo yaliyomwokoa mtoto asipelekwe kijijini, lakini nilikuja kusikia mengine. Binti mwenyewe, mama wa mtoto, alikuwa amemwambia mama yake usiku mmoja: "Ukimpeleka kwa mama mkubwa, mimi naacha shule nakaa na mwanangu." Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mimi nilimjadili na mume wangu, jirani alimjadili na dada yake, muuguzi alizungumza na bibi. Mtoto alikuwa na mama wa miaka 17 aliyekuwa anatembea kila adhuhuri kutoka shuleni kuja kunyonyesha, na sote tulimpita kama tunavyolipita jiwe la mpaka.

Na jirani hajawahi kusema kwamba nilikuwa sahihi. Tukizungumza habari hizo, na sasa tunazungumza, bado hakubali neno "ukatili", na mimi sijaacha kuamini kwamba jambo lenyewe ni baya na lazima liishe. Tunabishana. Wakati mwingine anainuka kabla chai haijaisha. Lakini ninayomwambia mume wangu usiku ni yale yale niliyomwambia yeye mchana, na kama sikuweza kumwambia mchana, basi usiku nalala nayo. Mara nyingi nikishayapima hivyo nagundua hayakuwa maoni, yalikuwa umbea uliovaa miwani.

Mwanangu sasa yuko darasa la kwanza na bado anauliza maswali kwa sauti kubwa. Binti wa jirani alifanya mtihani wa kidato cha nne Novemba iliyopita, na sisi sote wa uani tunasubiri matokeo kama yetu. Mjukuu anatembea, anaanguka, anaogopa kuku. Kufuli la jirani nimelitia mafuta, kwa sababu Jumamosi hii tunavunja kikoba na kugawana.