Klabu Ikifa, Deni la Nani?

Klabu nyingi za soka za Pemba, tangu Wete hata Chake Chake, huishi kwa michango. Michango ikikauka, mdaiwa ni nani?

Hadithi yasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alijizuia kumsalia maiti mwenye deni la dinari chache, mpaka sahaba Abu Qatada alipolibeba. Lakini klabu haina janaza. Viongozi hubadilika, jina hufutika, na mchezaji aliyeumia goti katika uwanja wa Gombani hubaki akidai posho yake.

Basi iokolewe na pesa za kamari? Kwa Waislamu ni haramu. Tena haziaminiki: kampuni ya kamari ya SportPesa ilipositisha udhamini Kenya mwaka 2019, klabu za Gor Mahia na AFC Leopards ziliachwa mikono mitupu.

Basi viongozi waliotia saini kwa jina la klabu ndio waanze kulipa.