Pikipiki iliyofutwa na bima: mabaki ni ya nani?

 

Riziki ya vijana wengi wa Mtwara hivi sasa imo juu ya pikipiki. Ukianzia mjini, ukaenda Mikindani, ukarudi Naliendele, ukashuka Ziwani mpaka Msimbati, au ukafuata njia ya Kilambo kwenye kivuko cha mto Ruvuma, hukosi kijiwe cha bodaboda. Mambo ya pikipiki kwa hiyo yamekuwa mambo ya fiqhi, kama mambo ya majahazi yalivyokuwa kwa babu zetu wa pwani hii. Na lipo suala moja ambalo ni nadra kulisikia mimbarini, ingawa vijiweni linazungumzwa kila siku. Ajali ndogo imetokea. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyevunjika. Bima inakuja, inakagua, inasema chombo hiki kimekwisha, hakifai kutengenezwa, mwenyewe alipwe thamani yake. Fedha ile ni ya nani? Na chuma kile kilichobaki ni cha nani?

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Bima ndogo, ambayo sheria ya nchi inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa nayo, inamlinda mtu mwingine utakayemdhuru barabarani. Chombo chako hailipi. Anayelipwa chombo chake ni mwenye bima kubwa, na pikipiki nyingi zenye bima kubwa ni zile zilizonunuliwa kwa mkopo, kwa sababu mkopeshaji ndiye anayeitaka. Inapotokea ajali, mkaguzi hupiga hesabu mbili: gharama ya matengenezo na thamani ya chombo siku ile. Tuseme pikipiki ilinunuliwa shilingi milioni 3, imetembea miaka miwili, leo thamani yake ni 1,600,000. Uma wa mbele umepinda, tanki limebonyea, taa na rimu zimekwenda. Kwa bei ya vipuri vipya vya wakala pamoja na ufundi inafika 1,300,000. Kampuni inaona hakuna faida ya kutengeneza, inahesabu kuwa ni hasara kamili. Fundi wa mtaani naye anaitazama anacheka, anasema hii nipe laki tatu, kesho kutwa iko kijiweni.

Katika pengo hilo, baina ya milioni na laki tatu, ndimo shetani anamoweka kiti chake.

Mmoja anakula njama na fundi waongeze uharibifu kwenye karatasi, au waongeze kwa nyundo hasa, ili chombo kifike kiwango cha kufutwa. Mwingine analipwa thamani kamili, anaambiwa alete mabaki, analeta injini mbovu iliyotolewa kwenye pikipiki nyingine. Mwingine anaruhusiwa kubaki na mabaki kwa kukatwa kiasi fulani, anaitengeneza kwa laki tatu zake, kisha anamuuzia mtu wa mbali asiyeijua habari yake. Na wote hawa ukiwauliza, jibu lao ni moja: “Ustadhi, bima yenyewe si haramu? Kwani ukimchukulia mla haramu kuna dhambi gani?”

Hoja hii inahitaji kujibiwa kwa uwazi, maana imevaa kanzu ya dini.

Ni kweli kwamba wanavyuoni wengi wa zama zetu wameikataza bima ya kibiashara. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Desemba 1985, liliamua kuwa mkataba wa bima ya kibiashara una gharar kubwa inayouharibu, na likaelekeza Waislamu kwenye bima ya kusaidiana. Ni kweli pia kwamba wapo waliokhitilafiana nao, mashuhuri zaidi akiwa Sheikh Mustafa al-Zarqa, aliyeona asili yake inafaa. Lakini hakuna hata mmoja katika makundi hayo mawili aliyesema kuwa mali ya kampuni ni halali kuibiwa! Uharamu wa mkataba ni jambo moja, na uharamu wa kuhadaa ni jambo jingine. La kwanza halilifuti la pili. Makuraishi walikuwa washirikina, wala riba, na usiku ule walikuwa wamekubaliana kumuua Mtume (s.a.w.). Hata hivyo alipohama alimwacha Ali (r.a.) Makka ili awarejeshee amana zao walizokuwa wameziweka kwake. Sasa sisi tuna uadui gani na kampuni ya bima unaozidi ule?

Tukirudi kwenye suala la mabaki, Bukhari amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) tukio lililotokea nyumbani kwa mmoja wa wakeze Mtume (s.a.w.). Mke mwenza alituma sahani ya chakula. Mwenye nyumba akaona wivu, akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka ikavunjika. Mtume (s.a.w.) akaokota vipande, akakusanya chakula, akamzuia mtumishi asiondoke mpaka ilipoletwa sahani nzima ya nyumba ile. Sahani nzima akaipeleka kwa yule aliyevunjiwa. Na ile iliyovunjika? Akaiacha kwenye nyumba ilimovunjikia. Wengi huisoma Hadith hii kwa ajili ya wivu na upole wa Mtume (s.a.w.), na ni haki, lakini mafakihi wameisoma pia katika mlango wa fidia. Aliyelipwa chombo kizima hakubaki na vipande.

Basi hukumu ya mabaki iko wazi. Ukilipwa thamani kamili, mabaki ni ya aliyekulipa, na kila msumari uliomo ni amana mikononi mwako mpaka aje auchukue. Ukitaka ubaki nayo, yakadiriwe bei, ukatwe, hapo ni mali yako kwa ununuzi halali. Na kampuni nayo isifanye kinyume chake, ikalipa nusu ya thamani na kuchukua chombo chote, au ikamkata mtu mabaki kwa bei ya kubuni ambayo hakuna fundi Mtwara nzima angeitoa. Dhulma haibadiliki jina kwa kupigwa muhuri. Mwenye malalamiko na asikae kijiweni akilaani. Ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kudai haki yako kwa karatasi si ubahili.

Lakini linaloniuma zaidi mimi ni lile la kijana wa mkataba.

Tajiri ananunua pikipiki, kadi ina jina lake, bima ina jina lake. Kijana anapeleka hesabu kila wiki, na wamekubaliana kuwa baada ya muda fulani pikipiki ni yake. Amelipa miezi kumi katika kumi na minne, ajali ndogo inatokea bila uzembe wake, bima inakifuta chombo. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya tajiri. Kijana anaambiwa pole, Mungu atakupa nyingine. Tajiri amepokea hesabu za miezi kumi na amepokea fedha za bima. Kijana amebaki na kofia ngumu.

Hapa lazima tuulize makubaliano yao yalikuwa nini hasa, na ndiyo faida ya ile amri ya Suratul Baqarah, aya ya 282, ya kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ikiwa walikubaliana kuuziana kwa malipo ya awamu, basi pikipiki ni ya kijana tangu siku ya mauziano, na kadi iliyo kwa tajiri ni mfano wa rehani tu. Tajiri achukue deni lililobaki katika fedha zile, na kinachozidi ni mali ya kijana. Ikiwa ni kukodisha kunakoishia kwenye umiliki, viwango vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka kanuni za fedha za Kiislamu, vinasema chombo kikiangamia bila kosa la mkodishaji, hesabu irudi kwenye kodi ya kawaida ya soko, na kile alichozidisha kwa matarajio ya kumiliki arudishiwe. Ama ikiwa ni hesabu ya kawaida tu bila ahadi ya umiliki, chombo ni cha tajiri na fedha ni zake. Wala hana haki ya kumtoza kijana asiyefanya uzembe, kwani mkono wake ni mkono wa amana.

Qur'an imetupa mfano unaokaribia jambo hili katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79. Kondoo waliingia usiku katika shamba la mtu wakaliharibu. Wafasiri wanaeleza kuwa Daud (a.s.) alihukumu kondoo wote wapewe mwenye shamba, kwa kuwa thamani yao ililingana na hasara. Sulayman (a.s.) akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo anufaike na maziwa na sufi zao, mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirejee lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe mali yake. Allah (S.W.) ametaja kuwa alimfahamisha Sulayman, na kwamba wote wawili aliwapa hukumu na elimu. Ya kwanza ilifuta hesabu, ya pili ilitengeneza, na hakuna aliyetoka mikono mitupu. Matajiri wetu wenye pikipiki kumi, kumi na tano, kwa nini wasimpe kijana chombo kingine aendelee pale alipofikia?

Kuhusu mnunuzi sina maneno mengi. Pikipiki iliyofutwa na bima ikatengenezwa ina aibu, na aibu hutajwa. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji ndani, akamkemea muuzaji kwa kutoliweka juu watu walione. Fremu iliyopinda ikapakwa rangi ni chakula kile kile, isipokuwa kwamba juu ya fremu atapakiwa mama mjamzito anayewahishwa Hospitali ya Ligula.

Watu huuliza, tufanyeje basi? Mwaka 2022 TIRA ilitoa mwongozo wa takaful, yaani bima ya kuchangiana ambamo wachangiaji ndio wanaobebana. Mwenye uwezo wa kuipata aifuate, na umoja wa bodaboda wa kila kijiwe unaweza kuanza na mfuko wake mdogo. Ash'ari, kabila la Abu Musa (r.a.), chakula kilipowapungukia walikuwa wakikusanya kila walichonacho katika nguo moja na kugawana sawasawa, na Mtume (s.a.w.) akawasifu kwa hilo.

Na aliyekwisha kuchukua kisicho chake, iwe ni fedha au injini, asidhani kuwa ametakasika kwa kununua mazulia ya msikiti. Mali ya dhulma hutolewa sadaka pale tu mwenyewe anapokuwa hajulikani. Kijana wa mkataba anajulikana anapokaa, na kampuni ina ofisi na ina akaunti benki.