Chai ya Asubuhi
Usiku ule nilimaliza chapati sita jikoni, gizani, nimesimama. Shibe ilishapita zamani. Asubuhi nikaapa: leo sili kitu, nijiadhibu. Jioni njaa ikanirudisha jikoni palepale. Ndugu msomaji, huo ni ulafi? Mlafi hufurahia; mimi nilikuwa nalia. Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameorodhesha kula kwa namna hii kuwa ugonjwa unaojitegemea. Sawa, lakini jina la ugonjwa peke yake halinitoi jikoni. Siku hizi, nikianguka usiku, asubuhi nakaa na wenzangu, nakunywa chai kwa mkate. Mchana nakula. Usiku nakula. Nilidhani nidhamu ni kujinyima. Kumbe kwangu mimi ni kujisamehe mapema, chai ikiwa bado ya moto.