Anayesubiri Figo Anaishi Leo

Mtu anayesubiri kupandikizwa figo anaishi, au anasubiri kuishi?

Dada mmoja wa kwaya yetu hapa Ujiji amehamia Dodoma kwa shangazi yake, awe karibu na mashine ya kusafisha damu. Mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Maji ya kunywa anapimiwa kwa kikombe, yeye aliyekua akiogelea Ziwa Tanganyika! Ndizi, maharage, dagaa wa chumvi, vyote kwa tahadhari. Watu humwambia, "Vumilia, ukipona utarudi kuimba." Siku moja akauliza, "Na kabla sijapona, mimi ni nani?"

Nikamkumbuka yule mgonjwa wa miaka 38 kando ya birika la Bethzatha (Yn 5). Alikuwa anangoja maji, na hana mtu wa kumtia ndani. Yesu hakungoja maji yatibuliwe ndipo amsemeshe. Alimsemesha palepale alipolala.

Mgonjwa wa figo naye anahitaji mtu. Muhimbili walipandikiza figo ya kwanza nchini Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma wakafuata 2018, na kwetu figo hutoka kwa ndugu aliye hai. Hapo ndipo pagumu. Ukoo ukikaa kikao na kumwambia mdogo mtu, "Usipotoa umemuua dada yako," hiyo bado ni zawadi? Katekisimu namba 2296 inasifu utoaji wa viungo, ila inadai mtoaji aridhie waziwazi, na hatari anayoibeba iendane na faida ya mpokeaji. Mtakatifu Yohane Paulo II naye, akiongea na wataalamu wa upandikizaji Roma mwaka 2000, alikataa viungo kufanywa biashara. Kwa hiyo mimi nasema: mdogo mtu anayeogopa hajatenda dhambi. Aonane na daktari peke yake, bila wajomba mlangoni, na akikataa asisutwe. Najua ni maneno machungu kwa dada anayezidi kuchoka. Lakini figo iliyotolewa kwa kutishwa, hao wawili watatazamanaje mezani?

Wakati huohuo leo ipo. Mwalimu wa kwaya amemkabidhi kazi ya kutuchagulia nyimbo, na sisi tunamrekodia mazoezi kwa WhatsApp, anasikiliza akiwa mashineni. Jumapili iliyopita alitukemea: sauti ya pili tunavuta mno, na besi hawajui hata wanaimba nini.