Faraja Itokayo Handakini

Ndugu msomaji, askari amngojaye adui awaambie nini jamaa zake walio nyumbani? Akisema hakuna hatari, atasema uwongo. Akieleza hofu yake yote, atawavunja moyo.

Tazama Madina, mwaka wa 5 wa Hijra (627). Adui wapatao 10,000 waliujia mji. Waislamu walikuwa kama 3,000. Kwa shauri la Salman Mwajemi r.a., Mtume Mtukufu s.a.w. aliamuru handaki lichimbwe, naye mwenyewe akabeba udongo. Wanawake na watoto wakawekwa ngomeni.

Sura Al-Ahzab yasimulia kwamba wanafiki waliomba ruhusa warudi, wakidai nyumba zao hazina ulinzi, kumbe walitaka kukimbia tu. Lakini waaminio walipoyaona majeshi, imani yao ilizidi. Nao pia walikuwa na wake na watoto, wakawalinda kwa kusimama handakini. Hatimaye Mwenyezi Mungu akaleta upepo mkali, adui wakatawanyika.

Basi faraja ya kweli ni hii: hatari ipo, nami nipo mahali pangu, na Mola wetu yu pamoja nanyi. Mwenyezi Mungu atujalie imani hiyo. Amin.