Muuza Dawa na Amana Yake

Ndugu Waislamu, mtu atauliza: mama masikini ajapo dukani, huku Eldoret, na fedha za vidonge vitatu tu vya antibayotiki, bila ya cheti cha daktari, je, muuza dawa amuuzie kwa huruma au amkatalie?

Twajibu: huruma isiyo na ilimu yaweza kuwa dhara. Dawa hizo zitumiwapo ovyo, vijidudu huzizoea, zisimfae tena mgonjwa wala jirani yake. Mwaka 2019 watu wapatao 1,270,000 duniani walikufa kwa vijidudu vilivyozishinda dawa. Na fiqhi yatufundisha kuwa atibuye watu pasi na ujuzi ni mdhamini wa madhara yake.

Lakini kukataa kisha kunyamaza si uchaji. Yampasa amsikilize, amweleze, amwelekeze kwa tabibu. Na gharama je? Hapo lawama yamtoka muuzaji, yatufika sisi sote.

Mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, umeweka huku magharibi ya Kenya maduka ya dawa ambayo fedha za mauzo hununulia dawa nyingine, ili rafu zisibaki tupu. Nasi watu wa pwani, tuliorithi wakfu wa visima na misikiti, jambo hili si geni kwetu. Misikiti yetu ina mazulia mazuri. Je, ina sanduku la tiba ya masikini?